Kudhibiti mkondo wa inveta na kichujio amilifu: mwongozo kamili, kutoka mezani hadi kwenye laini

Njia ya haraka ya kugundua hamoniki (mikondo yenye frikwensi ambazo ni mara kadhaa ya 50 Hz ya gridi) kwenye jengo la ofisi ni kushika klampu mita na kwenda kwenye bodi kuu saa nne asubuhi, kompyuta, taa za LED na UPS zote zikiwa kazini. Fezi tatu zinasoma karibu sawa, tuseme ampea 30 kila moja. Kwa hesabu tuliyofundishwa, nyutro ilipaswa kukaribia sifuri. Unaibana nyutro, inasoma 40. (Klampu iwe ile inayosoma RMS halisi, yaani thamani fanisi hata wimbi likiwa limeharibika. Za bei poa zitakudanganya hapa.) Hakuna mchawi. Mikondo ya 50 Hz ya fezi tatu inafutana kwenye nyutro, lakini hamoniki ya tatu, yaani 150 Hz, inajumlishana, na ndiyo inayouchemsha ule waya.

Kichujio amilifu ni inveta (swichi zinazogeuza DC kuwa AC) iliyofungwa sambamba na mzigo. Inapima uchafu ambao mzigo unavuta, kisha inveta yenyewe inaumwagia mzigo ili gridi ibaki kutoa wimbi safi la sain. Sehemu yake ngumu ni ileile iliyomo kwenye inveta ya sola na chaja ya gari la umeme: kulazimisha mkondo wa koili iliyo kati ya swichi na gridi ufuate umbo unalotaka. Watu hubishana sana kuhusu mbinu ipi ni bora. Mimi naanzia mahali pengine: hesabu kwanza mchelewo kati ya kupima mkondo na volti kutoka kwenye swichi. Ukishaujua, nusu ya mbinu zinajichuja zenyewe.

Tutatumia mfano mmoja hadi mwisho: kichujio cha fezi moja, 230 V, 50 Hz, daraja la MOSFET nne (swichi za kielektroniki, jozi mbili), uwezo wa ampea 10, swichi za 20 kHz. Ukikielewa hiki, cha fezi tatu hakitakutisha.

Hatua ya 1: Volti ya basi na koili huchaguliwa pamoja

Volti ya 230 ina kilele cha 325 V. Gridi ikipanda kwa asilimia 10, unapata 253 V na kilele cha 358 V. Kama uko Kenya au Uganda, ambako volti rasmi ni 240, piga hesabu yako upya. Basi la DC, yaani volti iliyohifadhiwa kwenye kapasita zinazolisha swichi, lazima lizidi kilele hicho, na tofauti inayobaki ndiyo nguvu yako ya kusukuma mkondo.

Hapa ndipo miradi mingi ya wanafunzi hufia. Rektifaya yenye kapasita huvuta mkondo wake wote karibu na kilele cha volti, kwa mshindo mfupi. Yaani wakati kichujio kinahitaji kasi kubwa kuliko wakati wote, ndipo kimebakiwa na volti chache kuliko wakati wote. Chukua koili ya 3 mH na basi la 400 V. Gridi ikiwa 358 V zinabaki volti 42. Gawanya kwa 3 mH, unapata ampea 14 kwa milisekunde. Mshindo wa mzigo ukipanda ampea 20 kwa milisekunde, hakuna programu duniani itakayoufuata. Pandisha basi hadi 450 V: zinabaki 92, na kasi inafika karibu ampea 31 kwa milisekunde. Sasa tunaongea.

Kwa hiyo basi letu ni 450 V, kapasita ziwe za 500 V na si za 450 (usizibane hadi ukutani), MOSFET za 650 V. Sasa angalia upande wa pili, yaani mchirizo wa swichi kwenye mkondo: kupanda na kushuka kidogo kila swichi inapogeuka. Kwa PWM (kuwasha na kuzima swichi kwa vipindi vinavyobadilika ili wastani wa volti uwe unaoutaka) ambayo kila mguu wa daraja, yaani kila jozi ya swichi, una rejeo lake, mchirizo mkubwa kabisa ni volti ya basi kugawanya kwa 8 × L (indaktansi ya koili) × frikwensi: 450 ÷ (8 × 0.003 × 20,000), sawa na ampea 0.94 toka bonde hadi kilele. Kwa kifaa cha ampea 10 inakubalika. Ukipunguza koili unapata kasi na mchirizo vyote viwili, ukiiongeza unavikosa vyote viwili. Tafuta pa kusimama katikati.

Hatua ya 2: Sensa

Tumia sensa ya Hall (inayosoma mkondo kupitia sumaku yake) au kipimo kingine kinachosoma DC pia, chenye upana wa angalau 100 kHz. Pima mkondo pale tu pembetatu ya PWM (wimbi linaloamua swichi zigeuke lini) inapofika kileleni na bondeni. Wakati huo mchirizo unapita katikati, kwa hiyo sampuli moja inakupa wastani bila kuchuja chochote. Ni zawadi, usiipoteze kwa kuweka RC kubwa (kichujio cha kizuizi na kapasita) mbele ya ADC, inayogeuza volti ya sensa kuwa namba. RC ya maikrosekunde 5 ni sawa. RC ya 50 inaongeza mchelewo kuliko kompyuta nzima iliyo nyuma yake.

Sensa hizi zina mshale mdogo sana uliochorwa ubavuni. Mwaka wa kwanza wa kazi hizi niliufunga mmoja kinyume, jioni, nikiwa na haraka ya kuona wimbi kabla ya kurudi nyumbani. Kidhibiti kiliona mkondo hasi, kikaongeza volti, mkondo ukawa hasi zaidi machoni pake, kikaongeza tena. Kishindo kilikuwa kimoja, kifupi, halafu harufu. MOSFET mbili na fyuzi. Tangu siku hiyo jaribio langu la kwanza huwa ni betri ya 12 V na kizuizi: mkondo wa ampea 1 uingie upande ninaouita chanya, nisome namba kwenye skrini kabla waya wa moto haujaingia chumbani.

Hatua ya 3: Hesabu mchelewo

Mikrokontrola inapima, inakokotoa, kisha inasubiri mzunguko unaofuata ili kupakia majibu kwenye PWM. Hiyo ni sampuli moja nzima. Halafu PWM yenyewe inashikilia volti kwa muda wa sampuli, jambo ambalo kwa wastani linaongeza nusu. Jumla ni sampuli moja na nusu.

Ukipima mara moja kwa mzunguko kwenye 10 kHz, sampuli ni maikrosekunde 100 na mchelewo ni 150. Ukipima mara mbili (kileleni na bondeni) kwenye 20 kHz, sampuli ni 25 na mchelewo ni 37.5. Tofauti ni mara nne, na wala hujabadilisha mbinu.

Kwa nini tunajali? Koili inachelewesha mkondo kwa nyuzi 90 dhidi ya volti. Kitanzi (mzunguko mzima wa kupima, kukokotoa na kusahihisha) kinaanza kupiga kelele nyuzi zikifika 180 wakati kizidishi, yaani kiasi ambacho kitanzi kinakuza kosa, bado ni 1 au zaidi. Tukitaka akiba ya nyuzi 60, mchelewo unaruhusiwa kula nyuzi 30 tu, yaani radiani 0.524. Kasi ya kitanzi basi ni 0.524 kugawanya kwa mchelewo. Kwa 150 µs unapata radiani 3,490 kwa sekunde, sawa na 556 Hz. Kwa 37.5 µs unapata 13,960, sawa na 2,220 Hz. Hamoniki ya 11 iko kwenye 550 Hz. Yule wa kwanza atakuwa ameishiwa pumzi hapo hapo. Wa pili bado ana nafasi.

Hatua ya 4: Chagua mbinu

Haisteresisi ndiyo ya kale na rahisi kuielewa. Unaweka ukanda kuzunguka mkondo lengwa. Mkondo ukigusa dari unageuza swichi, ukigusa sakafu unageuza tena. Haihitaji kujua koili ni kiasi gani, na kasi yake haina mpinzani. Tatizo ni frikwensi ya swichi kutotulia. Kwa koili yetu, basi la 450 V na ukanda wa ampea 2, frikwensi ni 37.5 kHz gridi inapopita sifuri na inashuka hadi karibu 18 kHz kwenye kilele, kupanda na kushuka hivyo mara mia kwa sekunde. Kubuni kichujio cha EMI (cha kuzuia kelele za swichi zisivuruge vifaa vingine) kwa kelele inayotembea hivyo ni adhabu. Tena ukiijenga ndani ya programu badala ya kutumia komparata ya kweli (sakiti inayolinganisha volti mbili), mchelewo unarudi mlangoni: mkondo unapanda ampea 0.15 kila maikrosekunde, hivyo uzembe wa maikrosekunde 10 unauongeza ukanda kwa ampea 1.5 juu na 1.5 chini. Ukanda wako wa 2 sasa ni wa 5. Haisteresisi ifanye kwa komparata, au iache.

PI pamoja na PWM ndiyo mkate wa kila siku. PI ni kidhibiti chenye sehemu mbili: moja inafuata kosa la sasa, nyingine, kiunganishi, inajumlisha makosa yaliyopita. Kwa fezi tatu watu huzungusha mikondo kwanza kwa mabadiliko ya Park (ya mwaka 1929, yalibuniwa kwa ajili ya jenereta), ili 50 Hz ionekane kama DC tulivu na kiunganishi cha PI kiimalize kabisa. Kwa fezi moja hakuna cha kuzungusha, kwa hiyo PI inafukuza sain bila kuifikia kamwe. Je, inabaki nyuma kiasi gani? Kwa mfano wetu, kwenye 50 Hz kosa ni karibu nusu ya asilimia, dogo kabisa. Kwenye hamoniki ya 3 inaacha kama asilimia 4 ya uchafu, kwenye ya 7 karibu 14, na kwenye ya 13 karibu 30. Kwa inveta ya sola inatosha na kubaki. Kwa kichujio, ambacho kazi yake ni hizo hizo hamoniki, haitoshi.

Dedibiti inasema: najua koili, najua gridi, basi nitakokotoa volti itakayoufikisha mkondo kwenye lengo kwa hatua moja au mbili. Kizidishi chake ni L kugawanya kwa sampuli, yaani 120 V kwa ampea kwetu sisi. Kelele ya ampea 0.2 kwenye sensa inageuka volti 24 za kutikisika. Halafu inaamini namba yako ya koili: kitanzi kinabaki imara mradi L uliyoandika kwenye programu haijafika mara mbili ya L halisi. Unaweza kudhani hiyo ni nafasi kubwa. Koili za unga wa chuma hupoteza indaktansi mkondo ukipanda, na zilizobanwa bei zinaweza kupoteza nusu kwenye kilele. Kwa hiyo mashine inatulia mchana kutwa, halafu inaanza kunguruma mzigo mkubwa ukiwashwa. Andika L ndogo kuliko ya kwenye karatasi, kama asilimia 70, na zidisha kosa kwa chini ya moja.

Udhibiti tabirifu wenye kujaribu kila hali ya swichi (fezi tatu zina hali 8) unapendwa vyuoni. Unahesabu mkondo utakuwa wapi kwa kila hali na kuchagua yenye kosa dogo. Frikwensi yake nayo hutangatanga, na hauna sampuli ya wastani. Kwa kichujio cha kufunga kwa mteja, mimi siuchagui.

Inabaki mbinu ya resoneta, na hii ndiyo tutakayojenga: kizidishi cha kawaida cha Kp, na pembeni yake kikundi cha resoneta, moja kwa kila hamoniki unayoilenga. Kila moja ina kizidishi kisicho na kikomo kwenye frikwensi yake peke yake, hivyo kosa pale linakwisha kabisa. Ndugu yake ni udhibiti wa kurudia, ambao unakumbuka makosa ya mzunguko uliopita, sampuli 800 kwetu sisi, na kuyasahihisha kwenye mzunguko huu. Unashughulikia hamoniki zote kwa mpigo, ila gridi ikishuka hadi 49.5 Hz mzunguko unakuwa na sampuli 808, na kumbukumbu ya 800 inasahihisha mahali pasipo.

Hatua ya 5: Namba

Kp ni kasi ya kitanzi mara koili: 13,960 × 0.003 = 42 V kwa ampea. Ukigawanya kwa 450 kupata uwiano wa PWM, ni 0.093. Ongeza volti ya gridi iliyopimwa moja kwa moja kwenye jibu, ili kidhibiti kisipoteze nguvu kuijenga 325 V kutoka kwenye makosa.

Resoneta ziko sita: 50 Hz, kisha hamoniki za 3, 5, 7, 11 na 13. (Ya 9 iongeze kama vipimo vinaidai.) Kizidishi cha kila moja, Kr, kiwe Kp × 200, yaani 8,400. Uwiano huo wa 200 unamaanisha kosa linapungua kwa kipimo cha wakati cha milisekunde 10, nusu mzunguko. Zote sita zikijumlishwa zinakula takribani nyuzi 5 za akiba yako. Ukizipandisha mara kumi ili ziwe na haraka, zitakula akiba karibu yote.

Namna ya kuiandika kwenye mikrokontrola: fikiria mkono wa saa. Kila resoneta ina namba mbili, x na y, ambazo ni ncha ya mkono. Kila sampuli unauzungusha kwa nyuzi 0.45 mara namba ya hamoniki, kisha unaongeza kosa la mkondo kwenye x (θ ni pembe hiyo ya kuzungusha, Ts ni muda wa sampuli, φ inaelezwa chini):

x mpya = x·cos θ − y·sin θ + kosa
y mpya = x·sin θ + y·cos θ
jibu = Kr · Ts · (x·cos φ − y·sin φ)

Mara 800 nyuzi 0.45 ni duara kamili, kwa hiyo mkono wa 50 Hz unarudi pale pale kila mzunguko. Faida ya kuandika hivi badala ya viunganishi viwili vya kawaida ni kwamba frikwensi haihami. Ukitumia njia ya Tustin (njia ya kawaida ya kugeuza hesabu endelevu kuwa ya sampuli) kavukavu kwenye sampuli ya 100 µs, resoneta ya 650 Hz inateleza karibu Hz 9 chini na kukosa shabaha.

φ ni dawa ya mchelewo: pembe ambayo hamoniki hiyo inapoteza ndani ya 37.5 µs. Kwa ya 13 ni 360 × 650 × 0.0000375, sawa na nyuzi 8.8. Kwa ya 3 ni 2 tu. Kwenye mashine ya polepole, yenye 150 µs, ya 13 inapoteza nyuzi 35, na bila φ resoneta hiyo ingekuwa ukingoni mwa kuanguka. θ nayo ifuate frikwensi halisi kutoka kwenye PLL (sehemu ya programu inayofuatilia frikwensi na pembe ya gridi), kwa sababu gridi ikihama asilimia 1, hamoniki ya 13 imehama Hz 6.5.

PWM ikigonga ukuta wa asilimia 100, simamisha kuongeza kosa kwenye mikono yote. Bila hivyo inajaa, na mzigo ukitulia itachukua mizunguko kadhaa kujitapika.

Hatua ya 6: Mkondo lengwa unatoka wapi

Kwa fezi tatu, jibu la kawaida ni nadharia ya nguvu za papo kwa papo, ile ya p na q, iliyotolewa Japani mwaka 1983 na Akagi, Kanazawa na Nabae. Unageuza volti na mikondo, unatenga sehemu tulivu ya nguvu na ile inayotikisika, unafuta inayotikisika.

Kwa fezi moja kuna njia fupi ninayoipenda zaidi. Usizitafute hamoniki kabisa. Gridi inatakiwa kutoa sain yenye pembe sawa na volti, basi. Kilichobaki kujua ni ukubwa wake, na hilo basi la DC litakwambia: likishuka chini ya 450, maana yake umechukua kidogo kuliko mzigo unavyokula, ongeza. PI ya polepole, kama 10 Hz, inatoa ukubwa huo, unaouzidisha kwa sain ya PLL. Toa mkondo huo kwenye mkondo wa mzigo, na hilo ndilo lengo la kichujio. Volti ya basi utakayompa PI iwe wastani wa milisekunde 10 kamili. Basi hupumua kwa 100 Hz, na mpumuo huo ukipenya kwenye ukubwa wa sain, wewe mwenyewe unatengeneza hamoniki ya tatu uliyokuja kuifuta.

Hatua ya 7: Kuwasha

Anza bila gridi: basi la 30 V kutoka kwenye pawa saplai yenye kikomo cha mkondo, koili imefungwa fupi kwenye mtoko wa daraja. Agiza ampea 2 ghafla. Kwa Kp ya 42 mkondo unapaswa kutulia ndani ya milisekunde 0.3 hivi, ukiruka kidogo. (30 V itagonga ukuta haraka, kwa hiyo jaribu hatua ndogo, ampea nusu, ndipo umbo litakuwa la kweli.) Ukiona unatikisika mara tatu nne kabla ya kutulia, una mchelewo usioujua. Mara nyingi ni rejista ya PWM inayopakiwa mzunguko mmoja baadaye kuliko ulivyodhani. Geuza pini ya mikrokontrola mwanzoni mwa hesabu na mwishoni, uitazame kwenye osiloskopu pamoja na PWM.

Kisha gridi kupitia transfoma ya kutenganisha na variaki (transfoma ya kupandisha na kushusha volti kwa mkono), ukianzia volti 40, na basi ukilishusha kwa uwiano huo huo. Weka balbu ya nyuzi ya wati 100 mfululizo na laini: kosa lolote litaiwasha badala ya kulipua. Kapasita za basi zichajiwe kupitia kizuizi, kisha relei ikiruke. Probu ya kawaida ya osiloskopu usiifunge kwenye daraja, tumia ya tofauti. Washa resoneta ya 50 Hz peke yake, halafu ya 3, halafu ya 5, moja moja, ukisikiliza koili. Sikio linakamata kutotulia kabla ya skrini: mlio wa 20 kHz hausikiki, lakini kitanzi kinachoyumba kwenye 2 au 3 kHz hupiga mluzi kama birika.

Kama hamoniki ya 3 na ya 5 zinakataa kuisha na kila kitu kinaonekana sawa, tazama muda-kufa wa swichi, yaani pengo fupi ambamo swichi zote mbili za mguu zimezimwa. Maikrosekunde 1, mara 20,000, mara 450 ni volti 9 zinazopotea kwa kila mguu, 18 kwa daraja zima, zikigeuka alama kila mkondo unapovuka sifuri. Resoneta zitazifuta, ila zikisaidiwa kwa kuongeza volti hizo kufuata alama ya mkondo zinapumua. Kama ni hamoniki za juu tu zinazopanda badala ya kushuka, alama ya φ umeikosea. Na kama mashine inatulia peke yake lakini inalia ikifungwa kwenye laini ndefu ya kijijini, indaktansi ya waya na kapasita ya kichujio chako cha mchirizo vimepata mwito wao wenyewe. Weka kizuizi kidogo mfululizo na hiyo kapasita, uzime resoneta ya 13, upime upya.